Saa za mwalimu zihesabiwe zote

Ndugu Mhariri,

Mjadala kuhusu mishahara ya walimu wa shule za umma umeegemea mno vipindi vya darasani. Kazi ya kuandaa masomo na kusahihisha madaftari, ambayo wengi huifanya usiku nyumbani, haihesabiwi. Huko ni kumdhulumu mwalimu, na mwanafunzi pia, kwani mwalimu aliyechoka hawezi kusahihisha insha kwa makini.

Pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO (shirika la elimu, sayansi na utamaduni la Umoja wa Mataifa) kuhusu hadhi ya walimu, la mwaka 1966, linataka muda huo uzingatiwe katika kupanga saa za kazi. Serikali zipunguze vipindi kwa wenye madarasa yaliyofurika, na anayefundisha vipindi vya ziada alipwe posho mwezi huohuo, isigeuke malimbikizo ya miaka.