Kwa vijana wa barazani Langoni: kile kisima hamjakiona

Wajukuu zangu,

Assalamu alaykum. Juzi baada ya magharibi nilipita hapo mnapokaa nikawasikia mkikariri: ploti, wahusika, mandhari, maudhui, dhamira, mtindo. Mliziimba kama watoto wa chuoni na alifu zao. Nikasimama, nikamuuliza mmoja wenu hadithi mnayoichambua inasimulia nini. Akafungua daftari akanisomea maudhui matano, kwa nambari. Hadithi yenyewe alikuwa hajaisoma.

Simlaumu. Sisi walimu ndio tuliowafundisha hivyo, na mimi nimo. Nitawaeleza kosa langu moja, na kwa hilo nadhani mtaelewa mengine.

Mwaka mmoja niliwasimulia wanafunzi kifo cha Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa kale wa pwani yetu, kisha nikauliza mandhari ya kisa ni yapi. Darasa zima likaandika: "Pwani, zamani za kale." Binti mmoja akaandika: "Mandhari ni kisima. Bila kisima Liyongo angekufa mara moja tu, si mbili." Nikampa sifuri, na kwa wino mwekundu nikaandika: "Jibu swali."

Kisa mnakijua, maana nani Lamu asiyekijua? Kipini hata kaburi lake mtaonyeshwa. Liyongo haingiwi na mkuki wala mshale. Cha kumuua ni sindano ya shaba, tena kitovuni. Mfalme akamrubuni mwana wa Liyongo, akamwahidi kumwoza bintiye, na kijana akamchoma babake usingizini. Liyongo akazinduka, akatwaa uta wake, akajikokota mpaka kisimani. Hapo akapiga goti, akavuta mshale kama anayelenga, na roho ikamtoka vivyo hivyo. Wateka maji wakija wanamwona, wanatupa mitungi na kukimbia. Mji ukashikwa na kiu. Mamake akaja kumbembeleza mwanawe apunguze hasira. Hata mwili ulipoanguka ndipo watu wakajua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Sasa mwondoeni kisimani, mlazeni kitandani. Amechomwa, amekufa, amezikwa. Hakuna kiu, hakuna mama anayembembeleza mtu asiyesikia. Kisima ni pahali ambapo kila mtu hana budi kwenda, tajiri na mtumwa. Sisi watu wa kisiwa hatuhitaji kuelezwa: bahari imetuzunguka kote, na maji ya kunywa tunayategemea yaliyo chini ya michanga ya Shela. Anayeziba njia ya maji ameushika mji koo. Binti yule aliliona hilo. Liyongo alikufa mara mbili, ya kwanza kwa sindano, ya pili machoni pa watu, na kati ya vifo hivyo viwili ndipo kisima kilipofanya kazi yake. Mimi nilikuwa natafuta jina la mji.

Na ploti nayo, yaani mpangilio wa matukio, msiifanye orodha tu. Bibi yangu, akishasema "Paukwa" nasi tukaitikia "Pakawa", alikuwa akitupasulia papo hapo kwamba Liyongo amekwisha kufa pale kisimani. Basi kila mteka maji akikimbia, sisi twacheka mpaka machozi. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akiificha habari hiyo hadi mwili uanguke. Kwake hatukucheka hata kidogo. Tulikuwa tukisogeleana kwenye mkeka. Matukio ni yale yale. Bibi alitupa kinaya, sisi twajua asichokijua mteka maji; mzee akatupa taharuki, hofu ya kutojua litakalokuja. Tofauti yao ni neno moja tu, limesemwa lini. Mkilielewa hili mmeelewa ploti na msimulizi kwa pamoja, wala hamtahitaji maelezo yangu.

Mwana wa Liyongo mnamwandika "msaliti" mnafunga daftari. Msaliti, sawa. Lakini alitaka nini? Mke, cheo, au kutoka kwenye kivuli cha baba ambaye nchi nzima ilimwimba? Na huyo baba, shujaa mwenye akili zake, kwa nini alimtajia mwanawe kitu cha pekee kinachoweza kumuua? Mimi nimejibu swali hilo kwa njia tatu katika maisha yangu, kila umri na jibu lake. Nilipokuwa kama nyinyi nilisema Liyongo ni mjinga. Nilipopata watoto niliacha kusema hivyo.

Jambo jingine dogo: "mimi" wa hadithini si mwandishi. Nilipokuwa kijana niliandika kisa cha mtu aliyemwibia nduguye ngalawa, nikakisimulia kwa "mimi". Jirani yangu mmoja hakunijibu salamu miezi miwili, na ngalawa yake akaanza kuifunga kwa mnyororo. Naye alikuwa mtu msomi.

Maudhui na dhamira siyagusi leo. Mnayo ya kutosha daftarini.

Alhamisi baada ya alasiri nitakuwa kwenye daka la mlangoni kwangu, kahawa itakuwepo. Njooni na hadithi moja mliyoisoma mpaka mwisho, daftari liacheni nyumbani. Kila mmoja achague kitu kimoja cha hadithini, mlango, mvua, jina la mtu, akiondoe, kisha atuambie ni nini kimebomoka. Kisipobomoka kitu, tutamuuliza mwandishi alikiweka cha nini.

Yule binti sasa ana watoto wakubwa. Mwaka jana nilikutana naye gatini akisubiri mashua ya Mokowe, nikamwambia zile alama nimemrudishia zote. Akaniangalia kwa huruma, kama wanavyoangaliwa wazee.

"Alama gani, mwalimu?"

Ni mimi babu yenu,
Langoni, Lamu