Kuta za zamani zisigongwe misumari

Ndugu Mhariri,

Watu wa Lubumbashi wakianza kuzungumzia kugeuza majumba ya zamani kuwa nyumba za sanaa, hutajwa rangi mpya na taa. Ukuta hautajwi, na ndio unaoharibika kwanza.

Kuna mfano mzuri Venice, Italia. Palazzo Grassi, jumba la ukoo wa kitajiri wa Grassi, lilianza kujengwa mwaka 1748 kwa ramani ya Giorgio Massari, likakamilika 1772 yeye akiwa ameshafariki. Lilipita mikono mingi hadi kampuni ya magari ya Fiat ilipolinunua mwaka 1983 na kumpa msanifu majengo Gae Aulenti kazi ya kulikarabati. Mwaka 2005 lilichukuliwa na François Pinault, Mfaransa mkusanyaji wa sanaa, naye akamwita msanifu majengo Tadao Ando kutoka Japani. Likafunguliwa tena Aprili 2006.

Ando alisimamisha kuta nyeupe mbele ya zile za zamani, akaziacha mbali nazo kidogo, na miimo ya milango ikaendelea kuonekana. Picha hutundikwa kwenye kuta mpya. Siku kuta hizo mpya zikiondolewa, jumba lipo vilevile. Huo ni uungwana wa ufundi, na hapa kwetu unawezekana kwa vifaa vya kawaida.

Majumba yetu mengi ni ya matofali ya kuchoma. Kuanzia Novemba hadi Machi unyevu hupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi. Fundi akiufunika kwa simenti na rangi ya mafuta, unakosa pa kutokea: hupanda juu zaidi, plasta inavimba na kubanduka vipande vipande. Banduleni simenti hiyo, pigeni plasta ya chokaa, mmalizie kwa chokaa ya kupaka. Kabla ya hayo yote, tengenezeni bati na mifereji yake; bila hivyo chokaa nayo itaharibika.

Ukuta wa picha uwe wa plaiwudi ya milimita 18 juu ya nguzo za mbao zilizoachana sentimita 60. Ukae sentimita 10 mbele ya tofali, na uachwe wazi sentimita 5 chini na juu ili hewa ipite. Nguzo zikanyage vipande vya chuma, zisiguse sakafu, maana mchwa hupenda kupanda palepale pasipoonekana. Mwanya wa chini utawaruhusu walinzi kumulika tochi kila wiki. Mihimili ya nyuma ikandamizwe kwa mifuko ya mchanga. Msiifunge ukutani kwa skrubu, hata moja.

Picha za guashi (rangi nzito ya maji) kwenye karatasi, kama za mchoraji Pilipili Mulongoy, zisipate mwanga unaozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Za mafuta huvumilia hadi 200. Madirisha makubwa ya majumba hayo yana jua kali la kiangazi, kwa hiyo yawekewe pazia jeupe zito kabla picha ya kwanza haijaingia.

Mafundi wa majengo na watunza picha,
Lubumbashi