Asante kwa aliyenipasha habari za darasa

Nililazwa wiki mbili katikati ya somo la miundo ya data, yaani njia za kupanga data kwenye kompyuta. Niliporudi, kazi ya nyumbani ilikuwa imebadilishwa kutoka lugha ya programu ya Java kwenda ya Python, na tarehe ya kuikusanya nayo imebadilika. Sikujua lolote.

Mwanafunzi mwenzangu, ambaye hatukuwahi hata kusalimiana, alikuwa ameandika kila tangazo siku lilipotolewa: nini kimebadilika, kwa nini, mwisho lini. Akanipa daftari lake. Kisha akakaa nami saa nzima tukichora kwa penseli orodha iliyounganishwa, ambayo kila kipande chake (nodi) huelekeza kwenye kinachofuata, mshale kwa mshale, hadi nikaona nodi niliyoipoteza. Swali lililomshinda alimpelekea mhadhiri, na jibu akalisambaza kwa darasa zima.

Ndugu yangu, nilikusanya kwa wakati. Asante sana. Nanyi wengine, mkisikia tangazo, mfikishieni asiyekuwepo.