Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kuujua Uhindu

Vijana wangu wa Jumamosi,

Marahaba. Salamu zenu nimezipata na ombi lenu nimelisoma. Mnataka mzee wenu awaelekeze pa kuanzia kuijua dini ya Wahindu, ninyi ambao nusu mmelelewa madrasa na nusu kanisani. Mmenijia mimi kwa kuwa nimezeekea Upanga na riziki yangu nimeitafuta mitaa ya Kisutu hapa Dar es Salaam, katikati ya Wahindu. Mimi ni Mwislamu na nitakufa hivyo inshallah, basi yapokeeni haya kama maneno ya jirani, si ya pandit, mwanazuoni wao wa dini.

Nimeitazama orodha yenu ya maswali. Mungu wao nani, mtume wao nani, kitabu chao kipi, nguzo zao ngapi. Hayo ni maswali ya dini zetu sisi. Mkienda nayo hivyo, mtarudi mnasema Wahindu hawaijui dini yao, na mtakuwa mmewaonea. Hakuna mtume mmoja aliyeuanzisha Uhindu, wala shahada moja ya kutamka ili uhesabiwe ndani. Veda, maandiko yao ya kale, ziko nne, na kwa karne nyingi zilihifadhiwa vichwani, mwanafunzi akipokea kwa mwalimu sauti kwa sauti, kabla hazijaandikwa. Hata hivyo Mhindu wa Dar anaweza kuishi mpaka uzeeni bila kuzisoma, na hakuna atakayemwambia ametoka kwenye dini. Muulizeni mama wa nyumba ya Kihindu asubuhi yake huanzaje. Hapo atazungumza mpaka chai ipoe.

Atawaonyesha kijumba kidogo cha mbao au marumaru, pengine kona ya sebule, pengine karibu na jiko. Ndani yumo Krishna mtoto, Ganesh mwenye kichwa cha tembo, na mara nyingi picha ya guru, mwalimu wa kiroho wa ukoo. Mama huyu hasogei pale kabla ya kuoga. Anachovya utambi wa pamba kwenye samli, anauwasha, anaweka ua na kipande cha tunda, anaomba. Sisi huku tunasema "wanaabudu masanamu", tumemaliza, tunaondoka. Lakini wao wanatofautisha. Sanamu ikitoka kwa fundi ni jiwe au shaba tu. Inapowekwa hekaluni hufanyiwa ibada ya kuukaribisha uhai wa kimungu ndani yake, na tangu siku hiyo huhudumiwa kama mgeni mtukufu: huamshwa, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, hupumzishwa. Ndiyo maana mkifika adhuhuri mnaweza kukuta pazia limefungwa. Msidhani mmefukuzwa.

Na juu ya Mungu mwenyewe wanazuoni wao wamebishana kwa zaidi ya miaka elfu moja. Shankara alifundisha kwamba nafsi ya mtu na Brahman, Ukweli wa mwisho, ni kitu kimoja. Ramanuja akaja baadaye akasema la, nafsi inamtegemea Mungu lakini si Mungu. Wako pia Arya Samaj, walioanzia Bombay mwaka 1875 chini ya Dayananda Saraswati: hao sanamu hawazitaki kabisa, ibada yao ni havan, yaani sadaka ya moto, na mantra, maneno matakatifu ya Veda. Hao nao ni Wahindu. Sasa nani kati yenu ataandika sentensi moja inayoanza na "Wahindu wanaamini kwamba..."? Andikeni "nyumba hii wanafanya hivi", mtakuwa salama zaidi.

Kuna jambo la mjini ambalo wengi wenu mnalichanganya. Ukipita Kisutu na kuona sura ya Kihindi, usimfanye Mhindu hapo hapo. Mabohora na Makhoja ni Waislamu, Magoa wengi ni Wakatoliki, Singasinga wana dini yao, na Wajaini wana yao. Tena Wahindu wenyewe wa hapa wengi asili yao ni Gujarati, Kutch na Kathiawar, kwa hiyo mtakachokiona ni tawi moja la mti mkubwa. Mtu wa Kerala au wa Bengal angewaonyesha mambo mengine.

Na ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, naomba muiache nyumbani. Tumeirithi, tunaisema tukicheka, lakini aliyekaa nyuma ya kaunta anaisikia na Kiswahili anakijua tangu kuzaliwa.

Mkitaka kuona dini ikifanya kazi, nendeni dukani kabla hamjaenda hekaluni. Wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba usiku usio na mwezi, wafanyabiashara wa Kigujarati huleta madaftari mapya ya hesabu yaombewe. Nimeshuhudia mara nyingi. Daftari hufunguliwa ukurasa wa kwanza, huchorwa swastika, ule msalaba wenye ncha zilizopinda, kwa unga mwekundu, huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu, Ganesh huombwa kwanza ili aondoe vizuizi, kisha Lakshmi mwenye neema. Siku hizi wengine huweka kompyuta ya mkononi pale pale na kuipaka doa jekundu, na mimi sioni kichekesho: hesabu ndiyo imehamia humo. Alama ile msishtuke nayo. Ni ya baraka, na ilikuwapo Uhindini maelfu ya miaka kabla Wanazi wa Ujerumani hawajaichukua na kuichafua. Baada ya Diwali ndipo mwaka mpya wa Kigujarati huingia. Ile ya 2024 ilipopita, wao waliingia mwaka 2081.

Hekaluni sasa. Viatu nje, nguo za kusitiri, simu mfukoni mpaka muulize. Kwenye hekalu la wafuasi wa Swaminarayan, mtawa aliyezaliwa mwaka 1781 na kufanya kazi yake kubwa Gujarati, wanaume na wanawake hukaa mbalimbali, basi wasichana wetu wasione wametengwa. Wakati wa arati taa huzungushwa mbele ya murti, yaani sanamu ya ibada, huku kengele zikilia, kisha sinia hupitishwa; kila mtu hupitisha viganja juu ya ndimi za moto na kujipangusa usoni. Hamlazimiki. Kusimama kwa adabu kunatosha, na hakuna atakayewauliza. Ila jueni mapema msimamo wenu juu ya prasad, yaani chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya murti. Kama imani yako hairuhusu, weka mkono kifuani, sema asante, niwie radhi. Usikipokee halafu ukitupe nje getini. Hilo ndilo linaloumiza.

Nyama msiipeleke kwa namna yoyote, hata sambusa. Si Wahindu wote wasiokula nyama, lakini ya ng'ombe wengi hawaigusi, na wafuasi wa Swaminarayan hawali hata kitunguu wala kitunguu saumu. Siku ya ekadashi, ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, wanaofunga huacha nafaka na kunde, wakala matunda, maziwa, viazi.

Sitawaficha la tabaka, yaani daraja ambalo mtu huzaliwa nalo. Watawaambia huku Dar limepungua, na ni kweli kiasi, lakini ulizeni nani anamwoza nani. Katiba ya India ya mwaka 1950, ibara ya 17, ilifuta kuwatenga watu kwa unajisi. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu yake, alizaliwa kati ya hao waliotengwa, na mwaka 1956 aliuacha Uhindu akaingia Ubudha pamoja na umati mkubwa. Mumsome naye pia. Mwenyeji mstaarabu hatakasirika mkiuliza kwa adabu, ila lisiwe swali la siku ya kwanza.

Wawili wenu mmeniuliza kwa siri kama mtu anaweza kuingia. Arya Samaj wana ibada ya kumpokea mtu. Kwingine mtaambiwa tu njoo, kaa, omba, hakuna haja ya cheti. Siwasukumi wala siwazuii. Nasema tu msiwafiche wazazi.

Kwa kusoma, anzeni na Bhagavad Gita. Ni sura 18, beti 700, ndani ya Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa kale. Msiruke sura ya kwanza, ingawa ni majina matupu mwanzoni: Arjuna, shujaa wa vita, anawaona ndugu na walimu wake upande wa pili wa vita, upinde unamponyoka, anaketi ndani ya gari lake la vita anakataa kupigana. Msipoielewa hofu yake, jibu la Krishna litawapita.

Jirani yangu amekubali kuwapokea Jumapili baada ya arati ya jioni. Nendeni wanne, msiende wote. Mmoja wenu anipigie kabla ya Ijumaa aniambie nani na nani, na nani hali nini, kwa sababu mama wa nyumba ile ameshaanza kuuliza.

Mzee wenu,
Upanga