China itaipita Marekani lini? Barua kwa Salum

Salum ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza China itaipita Marekani kwa ukubwa wa uchumi mwaka gani. Mwaka sikutajii, nakupa hesabu uipige mwenyewe.

Kwanza chagua kipimo. Ukipima kwa uwezo wa kununua, yaani kwa kukumbuka kwamba kinyozi wa Chengdu hutoza kidogo kuliko wa Chicago kwa kichwa kilekile, China ilishapita tangu katikati ya miaka ya 2010. Ubishi uliobaki ni wa pato la taifa kwa dola za sokoni.

Mwaka 2024 China ilikuwa na takriban dola trilioni 18.7, Marekani 29.2. Hiyo ni asilimia 64 ya pato la Marekani. Mwaka 2021 ilikuwa imefika robo tatu, kwa hiyo imerudi nyuma, na miaka yote hiyo ukuaji wake halisi, yaani wa bidhaa na huduma bila kuhesabu bei kupanda, ulikuwa mkubwa kuliko wa Marekani! Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pato kwa dola hukua kwa vitu vitatu: ukuaji halisi, bei, na thamani ya sarafu. China 2024 ilikua kwa asilimia 5, lakini bei kwa ujumla zilishuka kwa karibu 0.7 na yuan, sarafu yake, ikalegea kidogo. Marekani ilikua kwa 2.8 tu, ila bei zake zikapanda kwa zaidi ya 2. Jumlisha uone nani alikimbia.

Sasa gawa 29.2 kwa 18.7, unapata 1.56. China ikiizidi Marekani kwa asilimia 4 kila mwaka, kwa dola, itaifikia baada ya miaka 11 hivi. Ikiizidi kwa 2, miaka 22 au 23. Kwa 1, miaka 45. Ndiyo maana benki ya Marekani ya Goldman Sachs mwaka 2003 walitaja karibu 2040, baadaye wakasogeza hadi 2027, na 2022 wakarudi 2035. Ukigusa asilimia moja tu, miaka inaruka.

Breki kubwa ni nyumba. Serikali ilibana mikopo ya kampuni za ujenzi mwaka 2020, mojawapo, Evergrande, ikashindwa kulipa madeni 2021, na familia zilizoweka akiba yao kwenye nyumba zikapunguza matumizi. Ndiyo asili kubwa ya bei kudorora. Idadi ya watu nayo inapungua tangu 2022, lakini hilo huuma polepole.

Sarafu ndiyo isiyotabirika. Yuan ikipanda kutoka 7.2 kwa dola hadi 6, ile 64 inakuwa 77 bila kiwanda kimoja kuongezeka. Japani ilipita asilimia 70 ya pato la Marekani mwaka 1995, yen ikiwa juu mno. Miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya 40. Kwa hiyo akikutajia mtu mwaka, muulize kwanza ametumia yuan ngapi kwa dola.

Wako,
Hamisi