Kitako cha jiko si mapambo, na bei yake si wizi

Mteja akisoma karatasi yetu ya makadirio ya jiko la kuni, jicho husimama pale palipoandikwa "kitako", yaani matofali yanayokaa kati ya jiko na sakafu. Hapo ndipo maneno huanza. Jiko nimelipia, bomba la moshi nimelipia, na matofali ya kuweka chini nayo mnaniuzia? Juzi mwenye hoteli mmoja wa barabara ya Gulu alikuja hapa karakana, Bombo, Uganda, na vipande vya vigae ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), akatuita wezi mbele ya mafundi. Alikuwa amechukua jiko bila kitako, fundi wa mtaani akamtandikia bati juu ya vigae, basi. Vigae vikaruka. Kwa maoni yake, kosa ni la jiko.

Bati halizuii joto, linalipitisha. Kaa likidondoka litaliona bati kwanza, ni kweli, lakini msaada wake unaishia hapo. Jiko la sufuria ya lita 100 likichemsha posho (ugali) na maharage tangu alfajiri, joto linashuka muda wote huo, na bati linaikabidhi sakafu karibu lote. Vigae na simenti havitanuki sawasawa, kwa hiyo vinaachana. Sakafu ya simenti tupu nayo ina unyevu ndani. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na yakikosa pa kutokea yanabandua uso wa sakafu. Mpishi akizoea kuzima moto kwa ndoo ya maji, ndiyo kabisa.

Kwenye vigae hasara ni pesa. Tunachoogopa ni sakafu ya mbao.

Mbao haisubiri kuguswa na mwali. Ikipashwa joto kila siku kwa miezi, inakauka kupita kiasi na kuanza kugeuka mkaa polepole, hasa chini ya bati ambako hewa haitoshi kuwasha moto. Juu huoni kitu. Siku hewa ikipata upenyo, inashika, na pengine kuni zenyewe zilishazimwa. Ndiyo maana mteja akituambia "tumepikia hapo mwaka mzima na hakuna kilichotokea", sisi hatutulii.

Kuna nyumba ya wageni kule ziwa Bunyonyi, jiko lake limejengwa kwa mbao juu ya nguzo, mtelemkoni. Walituita tubadilishe bomba la moshi tu. Fundi wetu alipoliinua jiko na kudunga ubao kwa bisibisi, bisibisi ikazama hadi mpini. Tulikataa kulirudisha pale. Mwenyewe akachukia, akaanza kuhesabu mafuta ya gari toka Bombo hadi Kabale. Tukamwomba aingie chini ya sakafu na tochi. Alipotoka, mikono imejaa weusi, aliuliza matofali yanapatikana wapi karibu.

Kitako chetu kinaanza na matofali ya kuchoma yaliyosimamishwa kwa ubavu, mistari mistari, na mianya katikati iliyo wazi pande zote mbili. Juu yake bati zito, kisha tabaka jingine la matofali ya kulala, tukiyaunga kwa udongo wa kichuguu na mchanga. Simenti hatutumii hapo. Moto wa kila siku unaipasua. Kazi kubwa inafanywa na hewa inayopita kwenye ile mianya na kuondoka na joto. Nasi tukirudi kukagua tunakuta imezibwa: majivu, magunzi, hata kandambili za mpishi. Hapo umebaki na matofali tu. Kwenye mbao tunaangalia pia kama mihimili itabeba uzito, maana kitako na jiko si mzigo wa mtu mmoja.

Watu hutaka kupunguza sehemu ya mbele, ati inakula nafasi. Hatupunguzi. Nani kwenye majiko yetu anakata kuni ya kalitunsi (mkaratusi) fupi fupi? Inaingizwa nzima, mkia uko nje, mpishi anaisukuma kadiri inavyoliwa. Inapopinduka, makaa yanaanguka mdomoni mwa jiko, kwenye sakafu. Tunatoa sentimita 45 mbele, na ukiona ni nyingi, simama jikoni saa ya posho utazame.

Wengine huleta hila ya mchanga ndani ya trei. Kwa chai ya asubuhi utafaa. Kwa shule ya bweni, mchanga unachelewesha joto tu. Jioni limeshafika chini.

Shule ndizo zenye haraka kuliko wote. Muhula unafunguliwa Jumatatu, wanapiga simu Alhamisi. Udongo mbichi ukiwashiwa moto wa magogo siku hiyo hiyo utapasuka, tutaitwa wezi tena. Moto wa kwanza uwe wa vijiti, mdogo, siku kadhaa. Sakafu mpya ya konkreti tunaiacha ikomae siku 28.

Hatumlazimishi mtu kujengewa na sisi. Afande mmoja alituambia leteni jiko, vijana wangu watajenga chini. Walikuja, wakatazama tunavyopanga, wakapima, wakajenga vizuri kweli. Kwa hiyo fundi wako mlete karakana siku ya kazi, kumwonyesha ni bure. Wewe tutumie picha ya sakafu, juu na chini kama ni ya mbao, utuambie unapikia watu wangapi. Ukichagua bati, tutaliandika kwenye risiti.