Mambo ni yale yale, shoga

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka kwa mama na wote hapa nyumbani. Sisi wazima, mvua imekatika juzi na milima ya Uluguru imeng'aa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nilifurahi kusikia umeanza kujifunza salsa huko Toronto, ila moyo uliniuma uliposema mwalimu aliwaambia ni dansi ya Kihispania, nawe ukajiona mgeni, ukaenda kusimama nyuma kabisa ukutani. Wewe? Wewe uliyekuwa wa kwanza kufunga kibwebwe ngoma ikilia mtaani kwetu?

Kihispania ni lugha ya nyimbo zile, na gitaa nalo lilitoka Uhispania, sikatai. Lakini kule kukunja magoti kidogo, kiuno kikaitika ngoma huku kifua kimetulia, hakukutoka Madrid. Kulivuka bahari ndani ya meli za watumwa hadi Kuba, kwenye mizizi ya salsa. Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886, na hadi hapo walikuwa wamefikishwa kule Wakongo, Wayoruba, watu wa Calabar (Nigeria ya leo), hata Wamakua kutoka Msumbiji, ndugu za hawahawa Wamakua wa Masasi. Niliposoma hilo la Wamakua nilifunga kitabu, nikakaa kimya.

Ukitaka kuielewa salsa, anza na rumba. Si hii ya magitaa ya Kinshasa tuliyokulia, bali ile ya Havana na Matanzas, iliyochezwa uani kwenye nyumba za kupanga na bandarini kwa wapagazi. Pasipo ngoma walipiga makasha matupu ya samaki wa chumvi na ya mishumaa. Vile vijiti viwili vya clave vinasemwa vilikuwa vigingi vya kuundia meli. Mapigo yake ni matano: matatu, kisha mawili. Pa, pa, pa... pa-pa. Achana kwanza na kuhesabu hatua, shoga. Tafuta vijiti hivyo ndani ya wimbo, miguu itafuata.

Katika rumba hiyo kuna mtindo uitwao guaguancó. Mwanamume na mwanamke wanazungukana bila kushikana. Ghafla mwanamume anarusha kiuno, au mguu, au hata leso, kumlenga mwenzake, na mwanamke anawahi kujifunika kwa pindo la sketi. Wanaliita tendo hilo vacunao, kutokana na neno la Kihispania la kuchanja. Anayeshangiliwa zaidi ni mwanamke aliyejilinda bila kupoteza mpigo. Nilipoona video yake nilimkumbuka bibi yako na pindo la khanga yake. Wakongo husema jina rumba limetokana na nkumba, yaani kitovu. Na Brazili, kwenye samba ya duara ya Bahia, mchezaji humkaribisha mwenzake kwa kugusana naye kitovu. Kila upande ni kiuno na kitovu!

Halafu hili lilinifanya niruke kitini. Kuna mtindo mwingine wa dansi ya Kuba uitwao mambo: neno ni la Kikongo, na maana yake ni mambo! Mambo haya haya ya kwetu. Kule Kuba wafuasi wa dini ya Palo, iliyotoka Kongo, huziita nyimbo zao mambo. Mwaka 1938 mwanamuziki wa Kuba, Orestes López, akatunga muziki wa dansi akaupa jina hilo, na miaka kumi baadaye mwenzake Pérez Prado akautangaza duniani akiwa Mexico.

Na sisi tuliupokea ukirudi. Kuanzia 1933 kampuni ya santuri ya HMV ilisambaza Afrika mfululizo wa santuri ulioitwa G.V., wenye muziki wa Kuba, na vijana wakazisikiliza hadi zikachakaa. Hapa hapa mjini Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba. Babu yangu, aliyekuwa akipiga tumba kwenye bendi ndogo, hakuwahi kuiona Kuba hata kwenye ramani, lakini jina la ngoma yake lilitoka huko, kwenye tumbadora, ngoma ndefu ya Kuba.

Jambo moja tu nakuomba. Usiende darasani ukasema "hii ni yetu" ukaishia hapo. Mkongo na Myoruba wasingekutana kwao. Walikutana kwenye mashamba ya miwa, wakiwa wamepokonywa kila kitu, wakaunda kitu ambacho sisi huku hatukukiunda. Heshima hiyo ni yao. Wewe ingia kama ndugu aliyefika nyumbani kwa ndugu, useme hodi, ucheze.

Dada anasafiri mwezi ujao, nimempa khanga yako, ile nyekundu uliyoisahau. Siku ya darasa ifunge kiunoni, usimame mbele, kisha unitumie video.

Akupendaye,
Saida